Mheshimiwa Skii na Mzigo Wake

Kulikuwa na nchi, wala haikuwa mbali kiasi cha kumfariji msomaji. Jina lake halitajwi hapa kwa sababu lilikuwa refu mno, na katika nchi hiyo kitu kirefu hakitajwi hovyo. Huamkiwa kwanza.

Kule urefu ndio ulikuwa ukubwa. Mwasisi wa taifa alikuwa mrefu kama mnazi usiozaa, na alipochoka kukumbuka nani kazaliwa kabla ya nani, alitoa amri ya kurahisisha mambo: mfupi amwamkie mrefu. Basi. Kila njia panda alisimama askari mwenye fimbo ya kupimia. Watu wawili wakikutana, waliwekwa mgongo kwa mgongo, wakapimwa, mfupi akasema "Shikamoo," mrefu akajibu "Marahaba," na kila mmoja akaenda zake na amani ya moyo. Wakubwa wa serikali waliruhusiwa kupimwa pamoja na kofia zao. Ndiyo maana hawakuinama kamwe: aliyeinama aliangusha kofia, na aliyeangusha kofia aliangusha cheo. Kofia ya Mtukufu aliyetawala wakati wa habari hizi ilikuwa na ngazi yake, na fundi wa kuipanda alikuwa na hadhi ya balozi.

Mambo yalikwenda vizuri sana, isipokuwa kwa wazee. Mzee, kama ijulikanavyo, hupinda. Bi. Mwanakheri, aliyewahi kuamkiwa na mtaa mzima wa Kinuni, alipinda kidogo kidogo mpaka akafikia kuwaamkia watoto wa chekechea.

"Shikamoo," alimwambia mtoto mwenye makamasi.

"Marahaba, bibi," mtoto alijibu, akijifuta kwa kiwiko, na askari alikubali kwa kichwa, ameridhika.

Bi. Mwanakheri aliishi na mjukuu wake Zawena, binti mfupi kama kigoda. Zawena hakuwahi kuambiwa shikamoo na kiumbe chochote tangu azaliwe. Hilo halikumuuma. Lililomuuma ni bibi yake. Kila asubuhi aliufunga mlango, akashusha pazia, akapiga magoti na kuvunja sheria ya nchi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," bibi alinong'ona. "Punguza sauti, tutafungwa."

Nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga palikuwa na mlima wa pumba, na Zawena alikuwa akiupanda tangu utotoni na kuuteleza akiwa amesimama juu ya kipande cha ubao. Hakuna mwingine aliyeuweza mchezo huo, na hakuna aliyeutazama ila mmoja. Bi. Mwanakheri alisimama chini akisubiri.

"Umeniona, bibi?"

"Nimekuona. Geuka." Kisha akampangusa pumba mgongoni kwa kiganja, polepole, kana kwamba anafuta kioo.

Basi siku moja Mtukufu alikwenda karamuni katika nchi ya baridi. Rais wa huko akamuuliza, kwa adabu tu, kama mtu anavyouliza hali ya mbuzi, "Na kwenu, mnateleza thelujini?"

"Tangu enzi za mababu," alijibu Mtukufu, ambaye hakuwahi kushindwa na swali.

Rais yule akafurahi, akaleta zawadi: jozi moja ya skii, yaani mbao nyembamba za kufungwa miguuni, ndefu kuliko zote zilizopatikana nchini mwake, ubao mmoja mpana wa kutelezea, begi la turubai la kubebea, na mwaliko wa mashindano. Mtukufu akaunda Wizara ya Theluji wiki hiyo hiyo. Theluji yenyewe ingetafutwa baadaye.

Waziri wa Theluji, Mheshimiwa Bungala, aliagiza atafutwe raia yeyote aliyewahi kuteleza makusudi. Akaletewa Zawena. Waziri akatazama chini kwa muda.

"Ndiye huyu? Mbona ameishia katikati?"

"Ndimi, Mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba. Unaweza kushinda?"

"Nikipewa mlima, naweza. Lakini nauliza, Mheshimiwa. Mshindi akisimama jukwaani, anapimwa pamoja na jukwaa?"

"Kofia inahesabiwa, jukwaa litakosaje?"

"Na nikishakuwa mrefu, naweza kuamuru bibi yangu aamkiwe hadharani?"

Waziri akacheka mpaka kofia ikayumba na wasaidizi wawili wakaikimbilia. "Binti, ukishakuwa mrefu unaweza kuamuru hata mvua."

Hilo ndilo Zawena alilolibeba moyoni alipoondoka. Medali asingejua hata pa kuitundika. Alitaka askari wa njia panda ya Kinuni asimame kando, na yule mtoto wa makamasi apige goti.

Bi. Mwanakheri alimfungia pumba kidogo kwenye pindo la khanga. "Mlima wa huko usikuone mgeni," alisema. "Nani atakupangusa?"

"Nitarudi na theluji mgongoni, bibi. Utanipangusa wewe."

Uwanja wa ndege ulikuwa umepambwa. Ujumbe wa taifa ulikuwa na Waziri, katibu wake, wasemaji, wasaidizi wa wasemaji na mshika kofia. Zawena alikuja nyuma yao akiliburura begi la skii, lililokuwa refu kiasi kwamba ncha moja ilifika mlangoni wakati nyingine bado ikiagana na barabara.

Karani wa mizigo aliona begi halienei kwenye mizani. Akaamuru lisimamishwe wima. Askari wa vipimo, ambaye hakuweza kuona kitu kimesimama bila kukipima, akalisogeza karibu na Waziri, mgongo kwa mgongo, akaweka fimbo juu.

Askari akapima mara ya pili.

"Sema, bwana," Waziri alisema bila kugeuka.

"Mheshimiwa," askari alisema, na jasho likamtoka. "Limekupita."

"Pamoja na kofia?"

"Pamoja na kofia."

Mheshimiwa Bungala alikuwa mtu wa sheria. Aliligeukia begi, akakohoa, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye duka la chai: "Shikamoo."

Begi halikujibu.

"Halijibu," katibu alinong'ona. "Labda tumelikosea."

"Wewe umewahi kumsikia Mtukufu akijibu?" Waziri alimkemea. "Mdogo ndiye mwenye haraka ya kujibu. Huyu ni mkubwa haswa!"

Tangu dakika hiyo begi likawa Mheshimiwa Skii, kiongozi wa msafara. Lilipewa viti vya mbele, likalazwa kwa heshima, likafungwa mkanda. Ubao mpana, kwa kuwa ulikuwa mfupi, uliteuliwa kuwa Naibu na kupewa kiti cha dirishani. Kisha karani akamwona Zawena.

"Na huyu?"

"Ni mtelezaji," katibu alisema.

"Ndiye mwenye begi?"

Wajumbe wakatazamana. Lilikuwa swali la hatari. Waziri akalijibu mwenyewe. "Begi haliwezi kuwa la mtu mfupi kuliko lenyewe. Begi ndilo lenye huyu."

"Hapo nimeelewa," karani alisema, na uso wake ukatulia. "Kitu kirefu husafiri. Kitu kifupi husafirishwa." Akamfunga Zawena kitambulisho cha mzigo mkononi, kwa uzi mgumu: *Mali ya Mheshimiwa Skii*. "Una kitu chenye ncha kali?"

"Ulimi," Zawena alisema.

Akapitishwa.

Huko ugenini, ndege ilipotua, ujumbe ulimshusha Mheshimiwa Skii kwa nyimbo, ukambeba begani, ukaondoka naye. Kule kwao mzigo huchukuliwa na mdogo. Kila mjumbe alitazama nyuma akaona yupo aliye mfupi kuliko yeye, akajua atauchukua. Mshika kofia alikuwa wa mwisho. Naye alijua kuna mfupi zaidi nyuma yake, na hakukosea. Kosa lilikuwa moja tu, kwamba mfupi kuliko wote ndiye aliyekuwa mzigo.

Zawena alizunguka juu ya mkanda wa mizigo. Alizunguka pamoja na masanduku mekundu, vikapu, gari la mtoto, na mabegi mengine marefu ya skii yaliyolala kimya bila cheo chochote. Watu walikuja wakasimama, wakatazama, wakanyoosha kidole na kusema neno moja, lile lile kila mara. Zawena hakuijua lugha, ila neno hilo halikuhitaji mkalimani. *Wangu.* Sanduku likachukuliwa. *Wangu.* Kikapu kikaenda. Kila kidole kiliponyooka upande wake alijiweka sawa khanga, na kila kidole kilichukua kilichokuwa nyuma yake. Mwishowe mkanda ukasimama, na juu yake akabaki yeye na mwavuli uliovunjika.

Walimpeleka, yeye na mwavuli, katika chumba cha mizigo isiyo na wenyewe. Mtunzaji wa chumba alikuwa mzee mwenye mvi na mikono mikubwa. Zawena alimtazama akaona ni mrefu, tena ni mzee, vyote viwili kwa pamoja, jambo ambalo kwao lilikuwa nadra kama mvua ya mawe. Akapiga goti kwa furaha.

"Shikamoo!"

Mzee akatabasamu, akasema kitu. Kilikuwa kitu kizuri, bila shaka, lakini hakikuwa marahaba, na shikamoo isiyojibiwa hubaki hewani kama mguu uliokosa ngazi.

"Mimi si mzigo, babu," Zawena alimwambia. "Mimi ndiye ninayeteleza. Hizo skii ni zangu." Akafanya kwa mwili: magoti yakakunjwa, mikono ikapanuka, akateleza katikati ya masanduku. Mzee akapiga makofi. Kisha akasoma kitambulisho, akapiga simu alikofikia ujumbe, na kwa wema akaisogeza ili Zawena asikie. Sauti ya Waziri ikajaa chumba.

"Mzigo? Hapa tuko na Mheshimiwa! Uambie mzigo usubiri!"

Ukasubiri.

Chumba kilikuwa na dirisha dogo. Nje theluji ilianguka bila kelele, kwa wingi kuliko alivyodhani, ikilifunika gari moja lililosahauliwa na mwenyewe. Zawena alifungua pindo la khanga na kumwaga pumba zake kwenye kizingiti cha dirisha. Akazirundika zikawa kilima. Akateremsha kidole juu ya kilima hicho, kutoka kileleni mpaka chini, na kilipofika chini hapakuwa na mtu. Akakipangusa mwenyewe.

Siku ya mashindano aliyaona kwenye televisheni ya mzee. Watelezaji wa mataifa walishuka mmoja mmoja. Halafu ikaonekana bendera anayoijua, na kofia anayoijua, na skii zake zimesimikwa wima kwenye theluji, peke yake, kileleni. Mwamuzi aliuliza mtelezaji yuko wapi. Waziri alionyesha skii. Mwamuzi aliuliza tena. Waziri alionyesha tena, safari hii kwa hotuba.

"Sisi," alisema, na meno yakimgongana kwa baridi, "hatuna desturi ya kumpanda mkubwa!"

Skii zikalazwa. Wote wakangoja uamuzi wake. Upepo ukapita, na Mheshimiwa akaamua. Moja ilishuka msituni kwa mashauriano, nyingine ikateremka moja kwa moja mpaka chini, ikapita utepe, ikaendelea mpaka kwenye banda la soseji. Zawena akiwa chumbani alisimama bila kujua, magoti yamekunjwa, uzito kwenye kidole gumba cha mguu. Aliiona ile kona ya kushoto mapema. Angeikata vizuri sana. Akageuka kusema hivyo, akakuta mzee ameshasinzia.

"Wanariadha wa wenzetu wametokwa jasho," Waziri alilitangazia taifa. "Wa kwetu hakutokwa hata tone. Tumeshinda kiustaarabu."

Ujumbe uliziokota skii zote mbili, ukarudi nyumbani kwa shangwe. Baada ya muda nchi ya baridi nayo ikaurudisha mzigo usio na mwenyewe ulikotoka, kama desturi yao ilivyo. Mzee wa mvi alimvalisha Zawena soksi za sufu na kumpungia mkono.

Nyumbani, askari wa uwanja wa ndege walisoma kitambulisho na kumpeleka Uwanja wa Mwasisi. Hapo Mheshimiwa Skii alikuwa amejengewa jukwaa, na juu yake begi lilisimama wima, skii zikiwa ndani, refu kuliko kofia yoyote ya nchi isipokuwa moja.

"Huu mzigo wa nani?"

"Wa huyu hapa juu."

"Basi awekewe mwenyewe."

Wakalilaza begi kwa adabu, wakamwingiza Zawena katikati ya skii mbili, wakavuta zipu kutoka juu mpaka chini kabisa, wakalisimamisha tena.

"Nina njaa!" Zawena alisema mle ndani.

"Mzigo hauna njaa," askari alimweleza kwa upole. "Mzigo una uzito."

Asubuhi watu walianza kupita. Ilikuwa amri: kila raia amwamkie Mheshimiwa kabla ya kazi. Walimu walipita na wanafunzi, wauguzi, wauza mkaa. Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Zawena, ambaye hakuwahi kuambiwa hata moja, alizisikia zikimiminika juu ya turubai kama mvua juu ya bati la nyumba ya jirani. Hakujibu. Hazikuwa zake.

Kisha akaja Waziri na ujumbe. "Shikamoo, Mheshimiwa."

Labda ni njaa. Labda ni upweke, ambao huufanya ulimi uwe mwepesi. "Marahaba," Zawena alisema.

Mheshimiwa Bungala alizimia akiwa wima, kwa kuwa kofia ilizuiwa na wasaidizi. Alipozinduka alilia. "Ameitika! Ametuitikia sisi! Sema, Mheshimiwa, taifa linakusikiliza!"

"Leteni wali."

"Wali!" taifa likapokea.

"Na maharage yenye nazi."

Sahani ilipandishwa kwa ngazi na kupenyezwa kwenye tundu la juu. Zawena alikula gizani. Kisha, kwa kuwa alikuwa kijana na hakuwa na mtu wa kumkataza, akamwamuru Waziri akauteleze mlima wa pumba kwa sinia. Waziri akaenda. Umati wote ukamfuata kutazama. Zawena alisikia kwa mbali kelele, kishindo, na kicheko kirefu cha watu wengi, akacheka naye peke yake ndani ya begi, mpaka kicheko chake kikamrudia usoni na kumtisha.

"Nifungueni," alisema waliporudi. "Nataka kutoka."

Waziri, pumba zikimjaa masikioni, akawageukia wenzake. "Anatujaribu. Nani hapa ana urefu wa kumfungua mkubwa?" Hakuna. Tena kishikizo cha zipu kilikuwa chini kabisa, na kukifikia kulitaka mtu ainame.

 Zawena akakumbuka alichokiendea safari yote. Sasa alikuwa mrefu, tena na jukwaa lake. Neno moja lilitosha.

"Mleteni Bi. Mwanakheri wa Kinuni."

Alimkusudia mema. Angewaamuru wote wapige magoti mbele yake. Lakini itifaki haikungoja. Bibi alishushwa garini, askari wakampandisha jukwaani, wakamnong'oneza kwamba mgeni ndiye huanza. Zawena alizisikia ndara zake, ile ya kulia ikiburuta kidogo. Akasikia pumzi yake karibu na turubai. Ilikuwa pumzi fupi ya mtu aliyengoja muda mrefu na kutoambiwa kitu.

"Shikamoo, Mheshimiwa," Bi. Mwanakheri aliliambia begi.

Uwanja mzima ukasubiri marahaba. Zawena akaitafuta. Ilikuwepo, ameizoea tangu asubuhi. Ikamkwama kama mwiba wa samaki. Akajaribu kupiga magoti, begi likamkatalia, akabaki amejikunja katikati ya skii mbili.

"Shikamoo, bibi," alisema.

 Bi. Mwanakheri akainua uso kadiri shingo ilivyomruhusu.

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu. Hakunong'ona.

Waziri alikuwa wa kwanza kupiga hesabu. Ikiwa mrefu kuliko wote uwanjani amemwamkia mfupi kuliko wote, basi! Aliitupa kofia, akaanguka magotini. Katibu akalala kifudifudi ili asipitwe. Wasemaji walianza kuchimba mashimo ya kusimamia. Askari wa vipimo akavunja fimbo yake vipande viwili na kuanza kupima kwa kile kifupi. Uwanja ukajaa watu wanaotambaa, kila mmoja akimsihi mwenzake akubali kuwa mrefu, na hakuna aliyekuwa akilitazama tena begi.

"Zawena?"

"Naam, bibi."

"Umo humo?"

"Nimo."

Askari mmoja aliyekuwa akipita kwa tumbo akainua kichwa. "Bibi, usiguse. Mali ya Mheshimiwa."

Bi. Mwanakheri alinyoosha kidole chake kilichopinda, akakiweka juu ya turubai. "Mzigo huu wangu," alisema.

Hakuhitaji kuinama. Miaka ilikuwa imeshamwinamisha. Mkono ulishuka wenyewe mpaka kwenye kishikizo, na zipu ikafunguka.

Waliondoka wakikanyaga kofia. Njiani bibi alikata uzi wa kitambulisho kwa meno aliyobakiwa nayo, akautema kando.

"Theluji ikoje?"

"Niliiona dirishani tu, bibi. Inafanana na pumba."

"Geuka."

"Sina kitu mgongoni."

"Geuka, nimesema." Akampangusa hata hivyo, polepole, huku nyuma yao taifa likiendelea kutambaa.

Mtaa wa Kinuni ulikuwa mtupu, kwa kuwa wote walikuwa uwanjani. Walipoingia ndani Zawena aliufunga mlango kwa mazoea, akashika pazia alishushe, apige magoti.

Bibi akarudi nyuma, akaufungua mlango wote.